Wataka keki, mwanangu? Sawa, lakini shika na kazi ya pili



Wiki iliyopita alikuja kwangu binti wa jirani, ana miaka 19, kamaliza skuli mwaka jana. Kaja na keki ya mayai kaipamba maua ya krimu, mashaAllah, mkono anao. Nikadhani kaniletea zawadi. Kumbe kaleta na shitaka.

"Khalati, nisemee kwa mama. Mama anataka nikasomee kitu chengine, anasema keki si kazi. Mie nataka keki tu. Na mtu akishamtegemea Mola wake, ya nini kuweka mpango wa pili? Hiyo si ni sawa na kusema huamini kuwa riziki iko kwa Allah?"

Nimeuza keki hapa mjini Unguja tangu mwaka 2007. Mabinti wanaoniuliza namna ya kuanza ni wengi, lakini huyu ndiye wa kwanza kuniuliza kwa nini asianze na keki peke yake. Nikamjibu palepale, kisha nikaona niliandike, maana najua hayuko peke yake. Wengi wenu mnajiandaa kuolewa, mmeshanunua vyombo vya kuokea, na mmeshasema moyoni kuwa keki ndiyo itakayokutoeni.

Mama yake amekosea jambo moja na amepatia jingine. Amekosea kusema keki si kazi. Mtu aliyekesha usiku wa Ijumaa akisubiri ngazi ya tatu ipoe, na saa nne asubuhi gari ya kwenda ukumbini iko mlangoni, hawezi kuambiwa hana kazi. Lakini amepatia kusema binti ashike na kitu chengine. Mie nasema hivyohivyo, ila sababu yangu ni nyingine: keki ni kazi, tena kazi inayokatika ghafla.

Na hilo la tawakkul tulimalize kwanza, maana ndilo linalowafunga wengi. Kisa cha yule bedui na ngamia wake tunakijua sote, aliambiwa afunge kisha ategemee. Nabii Yusuf, alayhis salaam, alijua kuwa miaka ya njaa inakuja, na alichofanya ni kuamrisha nafaka iwekwe akiba miaka saba ikiwa bado katika mashuke yake. Hata Surat Quraysh tunayoisoma tangu chuoni inataja safari mbili, ya kusi na ya kaskazi kwa lugha yetu sisi watu wa pwani, yaani ya kiangazi na ya baridi. Wafasiri wanatueleza kuwa baridi ilikuwa Yemen na kiangazi Sham. Wale walikuwa wafanyabiashara, na hawakuweka mali yote katika njia moja. Sioni wapi hapo imani imepungua.

Sasa nikupeni yaliyonikuta mie.

Tarehe 10 Disemba 2009 umeme unaotoka Bara ulikatika, Unguja nzima ikabaki kiza. Tukasema siku mbili. Tukasema wiki. Ilikuwa miezi mitatu. Wakubwa mnakumbuka: mji mzima ulinuka mafuta ya jenereta, maji hayapandi, nyama unanunua ya kupika siku hiyohiyo. Maulidi ya mwaka ule yalitukuta kizani, umeme ukarudi Machi 2010. Mie nilikuwa na oda nne za harusi mkononi, oveni ya umeme niliyoinunua kwa pesa za upatu, na mashine ya kupigia keki ya umeme vilevile. Krimu yenyewe inataka friji. Oda mbili nilirudisha pesa, na moja kati ya hizo pesa nilikuwa nimeshaitumia, nikakopa ili nirudishe. Mbili nilizipika kwa jirani mwenye jenereta, na mafuta niliyonunua yakala faida yote.

Aliyetulisha ile miezi mitatu ni mama yangu. Hakuwahi kupima kitu kwa kikombe maisha yake yote. Alitoa jiko la mkaa uani, akaroweka mchele, akausaga na tui, hamira, iliki na sukari, akaumimina chomboni na kutia moto chini na juu. Mkate wa kumimina. Kila alasiri watoto wa mtaani wanakuja na sahani. Mie, fundi wa maua ya krimu, kazi yangu ilikuwa kupepea makaa.

Tangu hapo nina swali moja ninalomuuliza kila binti anayeniambia kuwa ana mpango wa pili: kitu gani kinaiua keki, na kitu hichohicho kitaiua na kazi yako ya pili? Ikiwa jibu ni ndiyo, basi mwanangu huna mpango wa pili. Una mpango mmoja umeuvisha mabuibui mawili.

Chukua hina. Wengi ndipo wanapokimbilia, na naelewa kwa nini. Mkono unaokamua krimu ndio mkono unaokamua koni ya hina, pumzi ile ile, mgandamizo ule ule. Binti mwenye maua mazuri ya keki hujifunza hina kwa wiki chache tu. Na singo, na kupamba biharusi, vyote vinaingia humo humo. Ni kazi nzuri na sina neno nazo. Lakini biharusi akikosekana, keki haipo na hina haipo. Huku kwetu Shaabani watu wanakimbizana kuoa kabla ya mwezi, ikiingia Ramadhani harusi zinasita, mpaka Mfunguo Mosi. Mwaka 2020, ile korona ilipokuja na watu wakaogopa kukusanyika, waliokuwa na keki, hina na kukodisha mapambo ya ukumbi walipigwa siku moja. Nina shoga yangu alikuwa na vyote vitatu. Alikuwa akijiona kajipanga vizuri kuliko sote.

Kwa hivyo hina ifanye, lakini iite kwa jina lake: ni nyongeza ya keki.

Ramadhani yenyewe isikutishe. Keki ya harusi inalala lakini futari inaamka, na fundi anayejua vya kwao hakosi: mkate wa kumimina, mkate wa ufuta, kaimati, sambusa, halafu kumi la mwisho linakuja na vileja, visheti na biskuti za Sikukuu. Tatizo la mabinti wa siku hizi ni kuwa keki wamejifunzia kwenye simu, basi wanajua kupamba keki ya mtu wa Uturuki na hawajui kuumua mkate wa nyanya yao. Hilo nalisema kwa mapenzi. Nenda kakae na mkubwa wako jikoni wiki mbili, hulipi hata senti.

Kazi ya hoteli ndiyo ya pili kutajwa. Kusini na kaskazini ya Unguja mahoteli yamejaa, na kila hoteli kubwa ina chumba chake cha mikate na keki. Uzuri wake ni huu: hoteli inafuata mwaka wa kizungu. Wageni wanajaa Julai mpaka Septemba, tena Disemba na Januari, na Masika wanapungua, hoteli nyingine zinafunga kabisa. Harusi zetu zinafuata mwezi mwandamo, na mwaka wa mwandamo ni mfupi kwa siku 10 au 11, kwa hivyo kalenda hizi mbili haziendi pamoja. Kuna miaka zinafunikana: mwaka 2022 Ramadhani ilikuwa Aprili, ndani ya Masika, aliyekuwa na harusi na hoteli alikosa huku na huku. Lakini Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka. Ikishafika Januari, mjini harusi zimelala na hoteli ndiyo kwanza imejaa. Ukilijua hili unaweza kupanga miaka mbele, si mwezi mbele.

Lakini hoteli ina maswali yake, na uyaulize siku ya kuomba kazi, si siku ya pili jikoni. Keki zao nyingi zinaroweshwa pombe, ramu na vitu vya aina hiyo. Jelatini inayogandisha krimu na matunda huenda imetokana na nguruwe. Utaambiwa uonje, maana mpishi asiyeonja si mpishi. Je, wako tayari kukupa kazi ya mikate tu, maandazi na keki zisizo na hayo? Wapo wanaokubali, hasa ukisema mapema na kwa adabu. Jengine ni saa. Mikate ya hoteli inatakiwa mezani asubuhi, kwa hivyo mwokaji anaingia kazini usiku wa manane. Unalala huko? Chumba ni cha nani na nani? Usafiri wa saa nane za usiku ni wa nani? Binti ambaye hajaolewa na mwenye mtoto mchanga wote wawili wana haki ya kupata majibu kabla ya kutia saini. Mie binafsi simkatazi mtu hoteli. Simshauri aende akiwa hana kitu chengine, kwa sababu asiye na kitu chengine huwa hana ubavu wa kusema "hili sifanyi".

Nije kwenye lile ambalo hakuna aliyeniambia mie wakati naanza.

Mwaka wa tisa wa kazi nilianza kukohoa. Nikichekecha unga kifua kinabana, nikitoka nje kinafunguka. Nikajitibu tangawizi na asali, nikasema baridi. Miezi ikapita. Daktari aliponiuliza nafanya kazi gani akatikisa kichwa. Vumbi la unga wa ngano, likivutwa miaka kwa miaka, linawapa baadhi ya waokaji pumu, na madaktari wanaijua muda mrefu kama ugonjwa wa kazi hii. Akaniambia nikae mbali na unga mpaka kifua kitulie. Nilikaa miezi minane.

Miezi minane, mashoga. Umeme upo, harusi zipo, wateja wanapiga simu, na mie siwezi kusimama jikoni mwangu mwenyewe. Usiku nililia kwa kuona kuwa kila nilichojifunza tangu ujana kimo ndani ya gunia la unga. (Siku hizi navaa barakoa, nachekecha taratibu, na kufuta meza natumia kitambaa cha maji, sifagii makavu. Mnaoanza, anzeni hivyo leo, msingoje kukohoa.)

Ndipo mume wangu akanisukuma nikasomee hesabu, kozi ya jioni ya miezi sita, kuweka vitabu vya biashara. Nilikuwa mkubwa kuliko wote darasani, wengine wananiita mama. Nilidhani naua wakati tu. Mwezi wa tatu mwalimu alitupa kazi ya nyumbani: chukua biashara unayoijua, andika gharama zake zote. Nikachukua keki yangu ya ngazi tatu, ile ninayojivunia. Unga, sukari, siagi, mayai, arki, hivyo nilikuwa nahesabu siku zote. Gesi sikuwahi kuihesabu. Boksi na ubao sikuhesabu. Gari ya kupelekea ukumbini sikuhesabu. Keki moja kati ya kadhaa inayopasuka njiani ikabidi nipunguze bei, sikuhesabu. Na zile siku mbili na nusu zangu za kusimama, ndiyo kabisa. Nilipojumlisha, keki ya fahari ilikuwa inanitia hasara, na zilizokuwa zinanilisha ni keki ndogo za akika na za watoto kuhitimu chuo, zile nilizokuwa nazipika kwa kununa.

Kwa hivyo mie kazi yangu ya pili ni vitabu vya hesabu. Leo ninaweka hesabu za biashara tatu za watu, nafanyia nyumbani, meza na daftari na kompyuta ndogo. Haitaki unga, haitaki harusi, na ukikatika umeme daftari linafungua vilevile. Tena imeiponya keki yenyewe. Mwaka 2022 vita vya Urusi na Ukraine vilipopandisha ngano duniani, na sisi hapa kisiwani ngano hatulimi hata konzi moja, nilijua mapema kila keki inahitaji kuongezwa kiasi gani. Wenzangu wengine walikuwa wanaogopa wateja, wakaendelea na bei ya zamani mpaka mtaji ukaisha.

Sisemi kila mtu asomee hesabu. Wengine wakiona tarakimu wanalala. Kuna mabinti wenye kichwa cha sayansi, wanaouliza kwa nini keki imebonyea katikati na hawatosheki na "ndivyo ilivyo". Huyo angalia mambo ya usalama wa chakula na viwango. Hapa petu Wakala wa Chakula na Dawa ndio unaosimamia chakula kinachouzwa kwa watu, kuna maabara, kuna ukaguzi, na maafisa afya nao wanahitajika. Mtu aliyejua jikoni kwa mikono yake ataona vitu ambavyo mkaguzi wa vitabuni hatoviona. Lishe nayo vilevile. Sukari imejaa majumbani mwetu, nyumba gani haina mgonjwa? Fundi wa keki anayeielewa lishe atasikilizwa kuliko mtu anayekataza tu.

Na kuna ualimu, ambao nadhani ndio uliokuwa akilini mwa mama wa yule binti, ila hakujua kuuunganisha na keki. Vituo vya mafunzo ya amali vipo, Mwanakwerekwe, Mkokotoni, na Pemba kule Vitongoji. Fundi aliyepitia huko akapata cheti anaweza kesho kuwa anafundisha wengine, na mshahara wa kufundisha haungoji Shaabani. Tofauti ya fundi mwenye cheti na asiye nacho haionekani kwenye keki. Inaonekana siku nafasi ya kazi inapotangazwa.

Kuuza maboksi, mbao za keki, arki na vyombo, au kukodisha treya na viti vya keki kwa mafundi wenzako, hilo nalo ni jambo, na nyumba nyingi mjini zinaendeshwa na maboksi. Linapungua harusi zikipungua, kweli, lakini halipungui ukiugua. Kila mtu aangalie lipi linamtisha zaidi.

Neno moja kwa mnaoposwa. Mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, Surat an-Nisaa imelisema wazi, si ya baba wala ya mjomba. Ukiulizwa wataka nini, kuna ubaya gani kusema nataka oveni ya gesi, na ada ya kozi yangu ya mwaka mmoja? Dhahabu ni nzuri na ni akiba, sikukatazi. Lakini nimeona bangili nyingi zikienda kwa sonara mwaka wa kwanza wa ndoa ili kununua oveni ileile. Na lile la kazi lisemwe kabla ya nikaha, walii akiwepo: nitapika oda, nitasoma jioni siku fulani, wateja watafika mlango gani. Mwanamme anayelikubali keki lako akawa mzito kwenye masomo yako, muulize kwa upole anaogopa nini. Jibu lake litakufaa kuliko bangili.

Basi yule binti nilimkatia kipande cha keki yake mwenyewe nikamwambia yote haya, si kwa mpangilio huu. Akanuna kidogo. Akasema, "Kwa hivyo khalati na wewe uko upande wa mama." Nikamwambia mie niko upande wa kifua chako, mwanangu, na mkono wako. Nikampa daftari jipya na sharti moja: aandike keki zake zote mwezi mzima, kila kinachotoka na kinachoingia, ndipo tukazungumze na mama yake tukiwa na kitu mkononi.

Juzi kaniletea kurasa za mwanzo kuziangalia. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Gesi hakuandika. Nimemrudisha nyumbani akapime mtungi.